Kurudi Peku: Shajara ya Majuma 40

Kabla ya kuanza

Mradi huu ulianzia kitandani. Kwa miezi 7 mfululizo nimekuwa nikiamka, nikiutia mguu wa kulia sakafuni, na kuhisi kama nimekanyaga msumari chini ya kisigino; baada ya hatua ishirini hivi maumivu hulegea, ofisini hurudi kila ninaponyanyuka kitini, na jioni nikikimbia hupotea kabisa, jambo ambalo ndilo lililonifanya niyapuuze muda wote huo. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyenichunguza alinieleza kwamba ule utando mgumu unaoanzia kwenye kisigino na kutandaa chini ya unyayo hadi kwenye vidole, unaoushikilia mguu usilale chapati kama upote unavyoushikilia upinde, umechoka pale unapojishikiza kwenye mfupa.

Nina umri wa miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa, na nimekuwa nikikimbia barabarani Dar es Salaam kwa miaka 8, kilomita 35 hadi 40 kwa juma, kwa viatu vya mbio ambavyo kisigino chake kimeinuka milimita 12 kuliko sehemu ya vidole. Jozi nyingi nilizipata kwenye mitumba ya Karume, zikiwa tayari zimelika upande mmoja kwa mwendo wa mtu mwingine. Sisemi kwamba viatu hivyo ndivyo vilivyoniumiza. Nasema tu kwamba kisigino kikikaa juu kwa miaka mingi, kigimbi na kano ya kisigino huzoea kufanya kazi bila kunyooka hadi mwisho, na vidole vilivyobanwa pamoja huacha kutanuka.

Wazo la kukimbia peku nililitoa utotoni. Nilisoma shule ya msingi Lushoto, na hadi nilipomaliza darasa la saba sikuwahi kumiliki raba; mchakamchaka wa alfajiri tuliukimbia peku juu ya udongo mwekundu na kokoto, wakati wa baridi ya Juni vidole vikiwa na ganzi, na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyelalamikia kisigino. Nilijiambia kwamba mguu huu unaijua kazi hiyo, umesahau tu, na nikiukumbusha utakumbuka. Maneno hayo yamenigharimu, na nitayarudia zamu yake ikifika.

Nilisoma pia. Kila anayezungumzia mbio za peku humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Ni wachache wanaoongeza kwamba miaka minne baadaye mjini Tokyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, au kwamba Eliud Kipchoge alipoumaliza umbali huo chini ya saa 2 mjini Vienna mwaka 2019 alikuwa juu ya soli nene kama kipande cha mkate. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, vikionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na kwamba kutua huko hakuna ule mshindo mkali wa ghafla unaopanda mguuni kisigino kinapogonga ardhi. Hawakudai kwamba wamethibitisha kuwa anayetua hivyo haumii. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, wakakuta kwamba wengi wao, wakikimbia kwa mwendo wa kawaida usio wa kasi, hutua kwa kisigino. Niliusoma utafiti wa kwanza na wa pili, nikauelewa kila mmoja, kisha nikaenda kufanya kama mtu aliyesoma wa kwanza peke yake.

Vipimo vya siku ya kuanzia nimeviandika kwenye daftari la kurasa 96. Kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino hadi kushindwa: kulia mara 17, kushoto mara 26. Hatua kwa dakika nikikimbia: 162. Maumivu ya hatua ya kwanza ya asubuhi, kwa mizani ya 0 hadi 10: 6. Nimeilowanisha miguu, nikakanyaga saruji ya barazani, na kuzichora nyayo kwa chaki kabla hazijakauka, ili nione upinde ulivyo. Ule wa kulia ni mpana zaidi pale katikati.

Juma la 1 hadi la 3

Nyumbani natembea bila ndala tangu ninapoingia hadi ninapolala. Mara tatu kwa juma nakimbia peku dakika 5 kwenye mchanga wa Kunduchi, kisha navaa viatu na kumalizia mazoezi yangu kama kawaida.

Mchanga una tabia mbili zisizofanana hata kidogo. Ule mkavu wa juu, karibu na mivinje, huonekana laini na wenye huruma, lakini kisigino huzama ndani yake na kano hulazimika kunyooka kupita kiasi katika kila hatua. Dakika 3 za hapo zilinichosha kuliko kilomita 3 za lami. Ule wa chini, ambao maji yameuacha muda mfupi uliopita, ni mgumu na hutoa mlio mdogo wa kubonyea, na juu yake unaona unyayo wako wote umechorwa. Huo ndio uwanja wangu.

Siku ya pili ya kila zoezi vigimbi vilikaza kiasi kwamba ngazi za ofisini nilizishuka kwa ubavu kama kaa. Hilo nililitarajia. Mtu akiacha kutua kwa kisigino na kuanza kutua kwa mbele, mzigo wa mshindo haupotei, bali huhama: goti hupumzika kidogo, na kazi ya kuuzuia mwili usianguke huchukuliwa na kigimbi, kano ya kisigino na mifupa ya mbele ya mguu. Anayesema kwamba mbio za peku zinapunguza mzigo anamaanisha mzigo wa goti, kano hajaiuliza.

Juma la 4 hadi la 6

Maumivu ya asubuhi yameshuka kutoka 6 hadi 2. Sikuamini, nikayaandika kwa kalamu ya wino.

Ratiba yangu sasa inapangwa na bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na kukupwa mnamo saa 4 asubuhi, hivyo saa 12 nikifika ufukweni nakuta utepe mwembamba wa mchanga ulioinama kuelekea majini. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa 12 hizo hizo maji yako chini, hata kama hayajaenda mbali, na mchanga mgumu unatosha. Nilichelewa kujua hili. Juma zima nilikuwa nikikimbia juu ya mwinamo na kudhani kwamba ufukwe wote ndivyo ulivyo.

Tena nilikuwa nikikimbia upande mmoja tu. Nilikwenda kaskazini peku, viatu nimevifunga kiunoni, halafu nikavivaa na kurudi kwa barabara. Maana yake ni kwamba bahari ilikuwa kulia kwangu kila siku, na mguu wa kulia ulikuwa upande wa chini wa mwinamo kila siku, ukitua kwa ukingo wake wa nje. Aliyeliona jambo hili hakuwa mimi. Yuko mzee mmoja ambaye huketi kwenye ngalawa yake iliyopandishwa na kushona nyavu, nami humwamkia kila ninapopita. Siku hiyo baada ya shikamoo na marahaba alinyoosha sindano ya nyavu kuelekea nyuma yangu.

"Mwanangu, mguu wako mmoja unachimba."

Niligeuka. Nyayo zangu zilikuwa zimepangana hadi kwenye matumbawe, na ni kweli: za kushoto zilikuwa bapa, na za kulia zilikuwa na shimo upande wa mbele, kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Nilimwambia kwamba ni kwa sababu ya mteremko. Akasema, "Basi uwe unarudi kwa njia uliyoendea," akaendelea kushona. Ushauri huo ulikuwa wa bure, na mimi niliuthamini kwa bei hiyo hiyo.

Muda wa peku umefika dakika 30 kwa zoezi moja. Kutoka 5 hadi 30 kwa majuma 6. Pumzi yangu haikutikisika hata kidogo, kwa kuwa pumzi na mapaja yalishazoea mbio za saa mbili, na hapo ndipo mtego ulipo: anayeanza kukimbia kwa mara ya kwanza maishani huzuiwa na kifua chake kabla mifupa ya mguu haijaumia, lakini mkimbiaji wa miaka 8 anaanza peku akiwa na injini ya lori juu ya magurudumu ya baiskeli.

Juma la 7

Jumapili klabu yetu ya joging ilikuwa na mbio za kilomita 8, lami tupu, nami nikaamua kukimbia zote peku. Sababu niiandike kama ilivyokuwa: nilitaka kuonekana. Watu walipiga picha. Kijana mmoja aliniita Mmasai, ingawa Mmasai mwenyewe asingeacha katambuga zake nyumbani.

Nilimaliza bila lengelenge hata moja. Ngozi ya unyayo ilikuwa imeshajenga sugu, laini juu na ngumu ndani kama mkanda wa ngozi uliotumika, na nikachukulia kwamba ngozi ikiwa tayari, kila kilicho ndani yake kiko tayari. Ngozi hubadilika kwa majuma machache. Kano huhitaji miezi, na mfupa una hesabu yake.

Juma la 8 hadi la 11

Jumanne. Maumivu mapya, juu ya mguu wa kulia, si chini. Naweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja.

Alhamisi. Uvimbe mdogo, kamba za viatu vya ofisini nimezilegeza. Nikitembea yanaongezeka, nikikaa yanapoa, usiku yanapwita.

Jumamosi nilipigwa eksirei katika kliniki moja ya mjini. Daktari aliitazama picha kwa sekunde zisizozidi kumi, akaniambia mfupa ni mzima, akaniandikia dawa ya kuchua na kuniruhusu niendelee na mazoezi mepesi. Sikuwa na sababu ya kumpinga, na nilitaka sana awe sahihi. Mwanzoni mwa juma lililofuata nilijaribu kukimbia dakika 10 kwa viatu, na katika dakika ya sita nikasimama kando ya barabara nikiwa nimeuinua mguu kama korongo.

Mtaalamu wa mazoezi tiba hakutazama picha kwanza. Aliuliza nimeongeza nini na kwa muda gani, akayaandika majibu yangu, kisha akapitisha kidole gumba juu ya ile mifupa 5 mirefu inayoelekea kwenye vidole, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kimya. Wa pili nikaruka. Alinieleza kwamba ufa unaotokana na mfupa kuchoshwa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika majuma mawili matatu ya mwanzo, na kwamba kinachoonekana baadaye si ufa wenyewe bali mfupa mpya unaouzunguka. Katika juma la 11 picha ya pili ilimthibitisha: pembeni mwa mfupa wa pili palikuwa na wingu dogo jeupe, mithili ya nundu kwenye ubua wa mtama.

Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu ya mfupa. Mfupa ukipewa mzigo mgeni haukai tu ukingoja kuwa imara. Kwanza seli fulani huanza kuula, zikiondoa sehemu zilizochakaa, na ni baada ya hapo ndipo seli nyingine huja kujenga palipobomolewa. Kubomoa huchukua majuma machache na kujenga huchukua miezi, hivyo kuna kipindi katikati ambapo mfupa wa mtu anayejiimarisha ni dhaifu kuliko siku aliyoanza. Kipindi hicho huangukia pale pale ambapo vigimbi vimeacha kuuma, maumivu ya zamani yamepungua na mtu anajisifu kwenye kundi la klabu. Mfupa wa pili huathirika zaidi kuliko jirani zake kwa kuwa ni mrefu na shina lake limebanwa sana katikati ya mguu, kwa hiyo badala ya kusogea, hupinda.

Niliporudi kwenye masomo niliukuta utafiti ambao ungenifaa mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani walichapisha mwaka 2013 matokeo ya wakimbiaji 36 waliopigwa picha za MRI kabla na baada ya majuma 10. Kati ya 19 walioingizwa taratibu kwenye viatu vyembamba vyenye vidole, 10 walionyesha ongezeko la maji ndani ya uboho wa mifupa ya mguu, yaani dalili kwamba mfupa umeanza kulemewa, ilhali kundi lililobaki na viatu vyake vya kawaida lilikuwa na mmoja tu. Nao walikuwa wamepewa ratiba. Mimi nilikuwa na Lushoto.

Na sasa lile la utotoni. Mguu haukumbuki. Mtoto wa Lushoto aliyekimbia peku alikuwa na kilo 28, hakuwa na kiatu cha kukivua, na mifupa yake ilikua ikijipima na ardhi ile siku kwa siku. Mfupa nilionao leo umefinyangwa upya mara kadhaa tangu wakati huo, kila mara kwa kufuata kazi iliyokuwapo, na kwa miaka zaidi ya 20 kazi iliyokuwapo ilikuwa kiatu cheusi cha ngozi chini ya meza.

Juma la 12 hadi la 19

Kiatu chenye soli ngumu isiyopinda hadi juma la 14. Kuogelea mara mbili kwa juma. Mama alipiga simu kutoka Lushoto kila Jumapili kuuliza kama naukanda kwa maji ya moto na chumvi, na kila Jumapili nikamjibu naukanda, jambo ambalo lilikuwa kweli mara mbili.

Zoezi lililorudisha nguvu ni moja, na linachosha kwa kurudiarudia kwake. Unasimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, vidole vimewekwa juu ya taulo lililokunjwa ili vielekee juu, kisha unainuka kwa sekunde 3, unatulia juu kwa sekunde 2, unashuka kwa sekunde 3; siku moja unafanya, siku moja unapumzika. Zoezi hili lilijaribiwa na watafiti wa Denmark kwa watu wenye maumivu ya kisigino kama yangu. Taulo lina sababu: vidole vikiinuka, ule utando wa chini ya unyayo huvutwa na kukaza, na upinde hunyanyuka wenyewe, hivyo unajengwa mguu pamoja na kigimbi. Mwanzoni nilifanya mara 12 kwa seti 3. Kisha nikaongeza begi mgongoni, kilo 5 za sukari, halafu 10. Mke wangu alitaka kujua sukari hiyo inarudi lini jikoni.

Juma la 16 nilianza kukimbia tena, kwa viatu, dakika 2 na kutembea dakika 2. Hapa ndipo niliposhughulika na idadi ya hatua. Niliweka kwenye simu programu inayogonga kama ngoma ndogo mara 172 kwa dakika, yaani asilimia 6 juu ya mwendo wangu wa zamani, na nikalazimisha miguu iufuate mlio. Hatua zikiwa nyingi zinakuwa fupi, mguu unatua karibu na mwili badala ya mbele yake, na mzigo wa nyonga na goti unapungua. Faida hiyo inapatikana hata kwa aliyevaa viatu. Kama ningeanza na hili peke yake, huenda shajara hii ingekuwa na kurasa sita.

Juma la 20: ngozi

Nimerudi kwenye mchanga, dakika 4. Kabla sijaandika mengine, niyaandike ya ngozi, kwa kuwa wanaoniuliza katika klabu huanzia huko.

Vioo na vifuniko vya chupa huonekana, mbigili haionekani. Kwenye njia za udongo kuna funza, na kwenye udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi kuna vijidudu vya safura, ambavyo hupenya ngozi ya mguu bila kubisha hodi. Mchanga unaooshwa na maji ya chumvi kila siku hauna hatari hiyo kwa kiasi hicho, lakini ule mkavu wa juu, ambako mbwa hulala, unayo yake. Nilivua viatu hapo siku tatu mfululizo. Juma lililofuata kando ya kidole kidogo palitokea alama nyekundu iliyojipinda kama njia ya mchwa ukutani, ikasonga kiasi cha sentimita moja kwa siku na kuwasha usiku hata nikalala nimekumbatia mguu. Ni minyoo ya mbwa, ambayo ikiingia kwa mwanadamu hupotea njia na kuzunguka chini ya ngozi. Dawa ya minyoo niliyoandikiwa iliimaliza. Tangu hapo navulia viatu kwenye mchanga uliolowa. Chanjo ya pepopunda nimeihuisha.

Mwanaklabu mmoja mwenye kisukari aliniomba nimwanzishie ratiba ya peku. Nilimkatalia, nikamweleza kwamba mguu usiohisi vizuri hauwezi kukwepa kitu, na kwamba kidonda kidogo kwake si kidogo. Alinuna kidogo, tukaendelea kuwa marafiki.

Juma la 24: sandali

Nilihitaji kitu cha katikati, kwa ajili ya kipande cha barabara kati ya nyumbani na ufukweni. Viatu vyembamba vya kiwandani sikuvitaka, kwa bei yake na kwa historia yake: kampuni ya Vibram ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 ili kumaliza kesi ya wateja wa Marekani kuhusu matangazo yake ya faida za kiafya, ingawa haikukiri kosa. Nilikwenda kwa fundi viatu wa mtaani kwetu. Nilimchorea nyayo zangu kwenye boksi, vidole vikiwa vimetanuka, nikamwomba soli ya milimita 6 isiyoinuka popote.

Alilishika lile boksi, akalitazama, akanitazama.

"Kaka, hii siyo sandali, hii ni karatasi. Saa saba lami itakuchoma."

"Sitakimbia saa saba."

"Haya. Lakini kamba ya katikati nitaipitisha huku pembeni kidogo, isikukate kati ya vidole. Hawa wanaokimbia wote wanarudi na kidonda hapo."

Sikujua kwamba wako wengine. Alizikata kwa kisu kifupi kutoka kwenye mpira wa tairi uliochongwa, akaziunguza kingo kwa pasi ya mkaa ili zisichubue, na kunitoza shilingi 15,000. Kamba ile ya pembeni ilikuwa jambo la maana kuliko milimita zote nilizomhubiria.

Juma la 25 hadi la 36

Hakuna mengi ya kusimulia, na nimeanza kuona kwamba kipindi kisicho na la kusimulia ndicho kinachofanya kazi. Kanuni ninazofuata zimebaki mbili. Ya kwanza: peku hupimwa kwa dakika, si kwa kilomita, na dakika haziongezwi hadi zile zilizopo zimerudiwa kwa majuma mawili bila malalamiko. Ya pili: zoezi halihukumiwi siku ya zoezi, bali asubuhi ya kesho yake. Nikiamka na maumivu ya hatua ya kwanza yanayozidi 2, au nikibonyeza ule mfupa wa pili ukajibu, zoezi linalofuata linafanywa kwa viatu.

Kanuni ya pili nimeitumia mara 5. Mara moja, juma la 31, ilikuwa siku ya mbio za klabu, na fulana nilikuwa nimeshalipia. Nilivaa viatu na kukimbia nyuma ya kundi nikiwa na hasira ambazo hazikuwa na mtu wa kumwelekea.

Sasa nakwenda kaskazini na kurudi kusini kwa ufukwe huo huo. Mzee wa ngalawa alitabasamu siku ya kwanza nilipofanya hivyo, wala hakusema lolote.

Juma la 40

Vipimo: kuinua kisigino, kulia mara 28, kushoto mara 30. Hatua kwa dakika: 174 bila ngoma ya simu. Maumivu ya asubuhi: 0 kwa siku nyingi, 1 baada ya kusimama sana. Nyayo za barazani nimezichora upya kwa chaki juu ya zile za zamani, ambazo mvua ya masika haikuzifuta zote: wa kulia umepungua upana pale katikati kwa kiasi cha unene wa penseli. Huenda ni upinde, huenda ni namna nilivyokanyaga. Nimeandika tu.

Peku nakimbia mara tatu kwa juma, dakika 20 kila mara. Mbio ndefu za Jumapili nakimbia kwa viatu ambavyo kisigino chake kimeinuka milimita 4, na nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21 za lami na miinuko, nitaikimbia kwa viatu hivyo hivyo. Wenzangu waliopiga picha zile za juma la 7 wameniuliza kama nimeshindwa. Nimewaambia kwamba mradi ulikuwa wa kisigino, na kisigino kimepona. Picha hazikuwa sehemu ya mradi, ingawa nakiri kwamba kwa siku moja zilikuwa.

Leo asubuhi niligeuka kwenye matumbawe na kuzitazama nyayo kabla ya kurudi. Za kulia bado zinachimba, kidogo, upande wa kidole gumba. Nimemwonyesha mtaalamu picha yake, naye anataka tuipime nyonga ya kushoto.

Jumamosi maji yatakuwa chini saa 12.20 asubuhi. Dakika 20 tena.